Gunia la machinjioni na mchicha wa siku 21

Inaanza hivi katika nyumba nyingi za pembezoni mwa mji. Ni Jumamosi asubuhi, mama ameinama kwenye matuta yake mawili nyuma ya nyumba, anapalilia mchicha. Rafiki wa mumewe anayefanya kazi machinjioni anasimamisha bodaboda getini. Nyuma amefunga gunia linalodondosha majimaji meusi.

“Shemeji, nimekuletea mbolea. Ya bure hii, kule wanatafuta pa kuitupa.”

“Ahsante shemeji. Sasa naimwaga hivi hivi?”

“Mwaga tu. Baada ya wiki mbili utaona mchicha unavyopanda.”

Na shemeji hadanganyi, mchicha utapanda kweli. Shida ni kwamba kwenye gunia lile kuna chakula cha mboga na kuna ugonjwa wa mtoto, vyote vimechanganyika, na kwa macho havitofautishiki. Kinachovitenganisha ni joto na muda, na mchicha ni mmea usio na muda.

Kwanza, gunia lenyewe lina nini? Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 akichinjwa hutoa damu ya lita kama 8 hadi 10. Tumboni mwake hutoka majani yaliyotafunwa nusu, yenye rangi ya kijani kibichi na harufu kali, ambayo uzito wake unaweza kufikia kilo 25 au zaidi. Kuna mifupa, kwato, pembe, na mabaki ya nyama yasiyouzika. Machinjio ndogo yenye ng'ombe kumi kwa siku inabaki na mzigo wa kujaza mkokoteni, kila siku ya Mungu, na mara nyingi mzigo huo huishia shimoni, mtaroni au mtoni.

Kwa mkulima huo ni utajiri unaotupwa. Damu iliyokaushwa ina naitrojeni asilimia 12 hivi, wakati samadi ya ng'ombe iliyokauka kwa kawaida haizidi asilimia 2. Naitrojeni ndiyo inayoipa mboga ya majani ule ukijani uliokolea. Mifupa ina fosforasi na kalsiamu, ambazo mmea unazihitaji kwa mizizi na matunda. Majani ya tumboni yanalainisha udongo wa kichanga na kuufanya ushike maji, jambo ambalo mama yeyote anayelima kwenye mchanga wa Pwani analijua thamani yake kila anapobeba ndoo jioni.

Jambo hili limejaribiwa kwa utaratibu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jadavpur cha Kolkata, India, walichapisha matokeo ya kuchanganya damu ya ng'ombe na majani ya tumboni kutoka machinjio ndogo za vijijini, wakaukausha mchanganyiko huo na kuutumia kwenye nyanya, pilipili na bilinganya zilizopandwa kwenye vyungu. Mazao yalikuwa mazuri kuliko ya mbolea ya DAP ya dukani. Nchini Kenya, machinjio ya Keekonyokie iliyopo Kiserian, Kaunti ya Kajiado, iligeuza taka zake kuwa gesi ya kupikia. Kwenye mitambo ya aina hiyo, tope linalobaki hutumika shambani. Dar es Salaam nako, machinjio ya Vingunguti na bustani za mboga za bonde la Msimbazi ni majirani wa siku nyingi. Kwa hiyo wazo la shemeji si la ajabu hata kidogo. Alichosahau ni neno moja katika habari ile ya Kolkata: waliukausha.

Mdudu anayeishi kwa ng'ombe bila kumsumbua

Ndani ya utumbo wa ng'ombe mwenye afya kabisa, aliyepita kwa mkaguzi wa nyama na kugongwa muhuri, wanaweza kuishi bakteria wa aina ya E. koli O157. Ng'ombe haumwi. Wala hana dalili yoyote ambayo daktari wa mifugo angeiona. Binadamu ndiye anayeumwa, na mtoto wa chini ya miaka mitano ndiye anayeumwa vibaya zaidi.

Bakteria hawa walitambuliwa kuwa chanzo cha ugonjwa kwa binadamu mwaka 1982 nchini Marekani, na tangu hapo kilichowashangaza wataalamu ni uchache wa wadudu wanaotosha kumwangusha mtu. Vimelea vingi vya kuhara huhitaji kuingia kwa maelfu, lakini hawa hata chini ya mia moja wanaweza kutosha. Mtoto anaanza kwa tumbo kukata, kisha anahara, kisha anahara damu. Wengi hupona. Kwa baadhi yao, kama wiki moja baada ya kuhara kuanza, sumu ya bakteria huharibu chembe nyekundu za damu na kuziba mishipa midogo ya figo. Mtoto anapauka, anavimba uso, mkojo unapungua au unakata kabisa. Hapo safari ni ya hospitali yenye huduma ya kusafisha damu, na kila mzazi anajua hospitali za namna hiyo ziko umbali gani na nyumbani kwake.

Salmonela nao wamo katika taka hizo. Wakati mwingine wamo bakteria wa brusela, ugonjwa ambao wafugaji wanaujua kwa kutupa mimba kwa mifugo na homa isiyokwisha kwa binadamu. Mayai ya minyoo pia yamo.

Sasa mama atauliza, na ana haki ya kuuliza: si mchicha unapikwa? Ni kweli, moto wa sufuria unaua bakteria wote hao. Lakini kabla ya kufika sufuriani mchicha umeng'olewa na mizizi yake, umebebwa kifuani, umewekwa kwenye meza, umekatwa kwa kisu kilekile na ubao uleule ambao dakika tano baadaye vinakata nyanya na vitunguu vya kachumbari. Kachumbari haipikwi. Kuosha kwa maji kunapunguza wadudu, hakuwamalizi, kwa sababu wananasa kwenye mikunjo ya majani na kwenye michubuko.

Halafu yuko yule ambaye mchicha hata hali. Mtoto wa miezi kumi anayetambaa, ambaye mama amemwacha kwenye kanga pembeni ya tuta huku akimwagilia. Dakika moja ya kugeuka inatosha, mkono umeshika udongo na udongo umekwenda mdomoni. Katika nyumba yenye bustani iliyomwagiwa taka mbichi, huyu ndiye aliye hatarini kuliko wote, na kwake hakuna sufuria inayomlinda.

Hesabu ya siku

Nchi zilizofanya kilimo hai kuwa biashara kubwa zimelazimika kuweka hesabu. Marekani, anayetaka zao lake lipewe alama ya kilimo hai na ametumia samadi mbichi, ni lazima zipite siku 120 kati ya kuweka samadi na kuvuna, iwapo sehemu inayoliwa inagusa udongo. Kama sehemu inayoliwa haigusi udongo, mfano mahindi, ni siku 90. Siku hizo wamepewa jua, ukame na wadudu wa kawaida wa udongoni ili wawamalize wale wabaya, kwa sababu bakteria wa utumbo wa ng'ombe wanaweza kuishi udongoni kwa wiki nyingi hadi miezi.

Siku 120 ni miezi minne. Mchicha wa kung'oa unakuwa tayari kwa siku 21 hadi 30. Kwa maneno mengine, mama akimwaga gunia la shemeji leo na kufuata sheria ya Wamarekani, atakuwa amekosa mavuno manne au matano ya mchicha kabla ya kuruhusiwa kula jani moja. Hakuna mtu atakayesubiri hivyo, na hakuna anayesubiri. Kwa mboga za muda mfupi kama mchicha, figiri, saladi na matembele, taka mbichi haina nafasi kwenye tuta. Njia inayobaki ni kuhamisha ule muda kutoka kwenye tuta kwenda kwenye lundo, yaani kutengeneza mboji, na kuufupisha muda huo kwa joto.

Kanuni za kilimo hai za hukohuko Marekani zinasema hivi: lundo la wazi likikaa kwenye nyuzi joto 55 au zaidi kwa siku 15, na katika siku hizo likageuzwa angalau mara tano, mboji yake inaruhusiwa kutumika bila kusubiri siku 120. Ulaya wana msimamo mkali zaidi kwa mabaki ya wanyama. Viwanda vyao vya mboji kwa kawaida hutakiwa kusaga mabaki hayo vipande visivyozidi milimita 12 na kuyapasha nyuzi joto 70 kwa saa nzima. Nyuma ya nyumba hakuna mashine ya kufanya hivyo. Kuna jembe, koleo, na mgongo wa mtu.

Lundo linalochemka

Joto la lundo halitoki juani. Linatoka kwa wadudu wadogo wanaokula taka, na wadudu hao wanataka mlo uliopangwa. Damu ni kama nyama tupu kwao, naitrojeni ni nyingi mno, hivyo ikiwa peke yake inaoza, inanuka na kuita nzi wa mtaa mzima. Inahitaji kitu kikavu chenye kaboni: unga wa mbao au maranda kutoka kwa fundi seremala, makapi ya mpunga, majani makavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Kosa la wengi ni ubahili wa vitu vikavu. Kwa macho, vitu vikavu vinapaswa kuonekana vingi kuliko taka, na damu isionekane ikichuruzika popote. Kipimo cha unyevu ni kukamata konzi moja kwa mkono wenye glavu na kuikamua. Yakitoka matone mawili matatu, ni sawa. Yakitoka maji ya kutiririka, yaongezwe maranda. Ikimeguka kama vumbi, inyunyiziwe maji.

Lundo linaanza na tabaka la mabua chini ili hewa ipite, kisha tabaka la majani ya tumboni yaliyochanganywa na damu, kisha tabaka nene la vitu vikavu, kisha udongo kidogo au mboji ya zamani, na kurudia. Juu linafunikwa kwa majani makavu yenye unene wa shubiri moja na nusu hivi, ili nzi wasipate pa kutagia na mbwa wasinuse. Kimo na upana visipungue mita moja. Lundo dogo la ndoo tatu halipati joto hata likibembelezwa mwezi mzima, na hapa ndipo mama mwenye matuta mawili anapoona kazi hii inafaa ifanywe na majirani watatu wanne kwa pamoja, au na kikundi chao cha kuweka na kukopa.

Mambo yakienda sawa, ndani ya siku chache katikati kunachemka. Kipimajoto chenye mkono mrefu ndicho kipimo cha kuaminika. Asiye nacho huchomeka nondo hadi katikati, akaiacha dakika kumi, akaichomoa na kuishika. Ikiwa mkono unashindwa kuvumilia kwa sekunde chache, joto liko karibu na linalotakiwa. Ikiwa ni vuguvugu tu kama chai iliyosahaulika, wadudu wabaya wako hai na wanaendelea na maisha yao.

Kugeuza ndiyo kazi watu wanayoikwepa, nayo ndiyo inayoua. Ngozi ya nje ya lundo haipati joto, hivyo isipoingizwa ndani inabaki mbichi, na siku ya kutumia mboji inachanganyika na iliyoiva na kuichafua upya. Kila baada ya siku tatu, kilichokuwa nje kiende ndani. Baada ya hizo wiki mbili za joto, lundo linaachwa litulie miezi miwili au mitatu hadi lipoe lenyewe, liwe jeusi, lisionyeshe tena majani ya tumboni, na linuke udongo wa baada ya mvua. Likinuka machinjio, halijaiva, hata kama kalenda inasema limeiva. Koleo la lundo bichi lisitumike kwenye lundo lililoiva kabla ya kuoshwa na kukauka juani.

Mifupa haiozi kwenye lundo kwa muda huo. Wanaoitaka huichoma hadi iwe myeupe na rahisi kupondeka, wakaitwanga. Naitrojeni yake inapotea motoni lakini fosforasi na kalsiamu zinabaki. Kinu cha kazi hiyo hakirudi kutwanga kisamvu, na anayetwanga avae barakoa.

Visivyoingia kwenye lundo

Kuna vitu ambavyo joto la lundo haliviwezi, na hapa hakuna mjadala. Cha kwanza ni damu au nyama ya mnyama aliyekufa ghafla mwenyewe. Anaweza kuwa amekufa kwa kimeta. Mbegu za bakteria wa kimeta hukaa udongoni miaka mingi, na nyuzi joto 55 za mboji si kitu kwao. Mzoga wa namna hiyo hata kupasuliwa haupaswi, ni wa kuripotiwa kwa ofisa mifugo. Vivyo hivyo kondo za nyuma na ndama waliotupwa, kwa sababu ya brusela.

Sehemu zilizokataliwa na mkaguzi wa nyama nazo haziondoki machinjioni kwa gunia la mtu. Ini au mapafu yenye malengelenge ya maji yanaweza kuwa na tegu ambaye mbwa akimla anakua tumboni mwake, na mbwa huyo anamwaga mayai kwenye kinyesi uani ambako watoto wanacheza. Kwa binadamu yai hilo hukua na kuwa uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, na matibabu yake mara nyingi ni upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, wanaijua adha hiyo kwa miaka mingi. Mama hawezi kukagua gunia kipande kwa kipande, kwa hiyo swali la kumuuliza shemeji ni jepesi: hii imetoka kwa ng'ombe waliokaguliwa, na ni damu na majani ya tumboni tu? Akianza kujikuna kichwa, gunia lirudi lilikotoka.

Mabaki ya kiwanda cha ngozi pia yasichanganywe na ya machinjio, ingawa wabebaji huyaita yote “taka za ng'ombe”. Ngozi nyingi hulainishwa kwa kemikali za kromiamu, na metali haiozi.

Anayeshika taka hizi avae glavu na mabuti ya mpira, na mwenye kidonda mkononi aachie mwingine. Mjamzito asiguse kabisa. Katika mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2006 na 2007, uliozikumba Kenya na Tanzania, kushika damu na viungo vya mifugo iliyougua ilikuwa moja ya njia kuu za watu kuambukizwa. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi za mtoto.

Lundo nalo likae mbali na kisima, angalau mita 30, na upande wa chini wa mteremko. Naitrojeni inayochuja kuingia kwenye maji hugeuka naitreti, na mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji yenye naitreti nyingi anaweza kushindwa kusafirisha oksijeni vizuri mwilini, akabadilika rangi kuwa ya bluu midomoni na kuchani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa. Kuchemsha maji hakuipunguzi, kunaizidisha, kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki.

Mtoto akianza kuhara damu katika nyumba yenye bustani ya namna hii, mzazi asikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki kwa kukisia. Kuna kuhara damu kunakotibiwa kwa antibayotiki, na kuna huku kwa E. koli O157 ambako dawa hizo zinaweza kuongeza madhara. Kutofautisha ni kazi ya kituo cha afya. Njiani apewe maji ya ORS na aendelee kunyonya. Mganga aelezwe wazi kwamba nyumbani kuna mbolea ya machinjio, maana asipoambiwa hataotea. Mkojo ukipungua au uso ukivimba, hata kama kuhara kumeshakoma, mtoto arudishwe siku hiyohiyo.

Turudi kwa gunia lililoachwa getini Jumamosi ile. Jua halijapanda, nzi ndio kwanza wanaanza kulizunguka. Fundi seremala wa mtaa wa pili ana maranda mengi ambayo huyachoma kila Ijumaa, na jirani wa kulia ana mabua ya mahindi aliyoyaegemeza ukutani tangu mavuno. Mchicha ulioko tutani una siku kumi na mbili. Huo utavunwa kwa samadi ya zamani aliyokuwa nayo mama, na hautakuwa mnene sana. Gunia linakwenda kona ya mwisho ya uwanja, chini ya migomba, mbali na kisima, na mtoto wa kanga anabaki barazani na dada yake mpaka kazi iishe na mikono ioshwe kwa sabuni.

“Shemeji,” mama anapiga simu jioni, “lile gunia moja halitoshi lundo. Jumamosi ijayo niletee mengine mawili, lakini nataka ya ng'ombe waliopita kwa mkaguzi.”